Chombo cha Angani Kilichoandikwa Daftarini

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wapo wasomaji wa gazeti letu watakaoshangaa kusikia kwamba mwanafunzi wa Kidato cha Nne, tena katika mwaka wa mtihani, amepata nafasi ya kuunda chombo cha kwenda angani. Naomba wasiogope. Chombo chenyewe hakina moto wala mafuta, nacho hakitaruka hata kimo cha kuku. Ni mfano tu, uliojengwa kwa matofali madogo ya plastiki ambayo watoto wa nchi nyingi huyachezea. Na hata matofali hayo, kwa sehemu kubwa, hayamo mkononi mwangu bali yamo ndani ya kompyuta. Lakini kazi hiyo imenifunza mambo ya hesabu, na ya ujenzi, na ya nyumbani kwetu pia, nami nimeona si vizuri kuyaficha. Kwa hiyo nimeomba nafasi katika kurasa hizi nipate kuyaeleza kwa taratibu.

Yafaa nianze na matofali yenyewe. Mwaka 1932 seremala mmoja wa Denmark, jina lake Ole Kirk Christiansen, alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao katika kijiji cha Billund. Kazi yake akaipa jina la LEGO, lililotokana na maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya "cheza vizuri". Baadaye mbao zikafuatwa na plastiki, na tarehe 28 Januari 1958 kampuni hiyo iliomba hataza ya tofali lenye vinundu vya mviringo juu na mirija ndani yake. Vinundu vya tofali la chini huingia kwa kubana kidogo penye mirija ya tofali la juu, nayo yakashikamana bila gundi wala msumari. Na mwenyewe akitaka huyabandua tena akajenga kitu kingine. Vipimo havikubadilika tangu wakati huo, hata tofali la mwaka 1958 hushikana na la leo. Wataalamu wa hesabu wameonyesha kwamba matofali 6 tu ya vinundu vinane, yote ya rangi moja, yaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Mwenzangu mmoja wa bwenini aliposikia hesabu hiyo alisema basi hakuna haja ya kuwa na tofali la saba.

Mwaka 1978 kampuni ilianza mfululizo wake wa seti za mambo ya angani, na mwaka 1979 ikatoka ile iliyopendwa kuliko zote, iitwayo Galaxy Explorer, yenye vipande 338. Ilipendwa sana hata mwaka 2022 ikaundwa upya kwa vipande 1,254. Watoto walioijenga ile ya kwanza wamekuwa watu wazima, na wengi wao hawakuacha. Sasa hawafuati tena picha za katika boksi, bali hubuni vyombo vyao wenyewe.

Kubuni kunataka matofali mengi, na matofali yanataka fedha. Hapo ndipo kompyuta ilipoingia. Mwaka 1995 kijana wa Australia aliyeitwa James Jessiman alitunga programu ya kujenga matofali haya katika kompyuta, akaiita LDraw. Alifariki mwaka 1997, angali kijana, lakini watu wa nchi nyingi waliipokea kazi yake, nao mpaka leo huchora vipande vipya na kuviongeza bila malipo. Ziko programu nyingine zilizojengwa juu ya kazi hiyo. Moja ni LeoCAD, ambayo hutolewa bure, nayo haihitaji kompyuta yenye nguvu nyingi. Hiyo ndiyo niliyoitumia mimi.

Nyumbani kwetu ni Lemara, katika jiji la Arusha. Asubuhi isiyo na mawingu twauona Mlima Meru upande wa kaskazini, na mchana twasikia malori yaendayo barabara ya mchepuo kusini ya mji. Baba yangu ni fundi mwashi. Mama hufanya biashara ndogo ya nguo, naye huenda soko la Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi. Nilipokuwa darasa la tano alirudi na mfuko wa matofali haya, aliyoyakuta chini ya fungu la mitumba, yamechanganyika rangi zote. Nikayahesabu yakawa 87. Hayajaongezeka tangu siku hiyo, ila moja jeusi liliwahi kumezwa na mtoto wa jirani, na likarudi.

Kwa matofali 87 huwezi kujenga chombo kikubwa. Lakini kaka yangu, aliyekuwa akisomea uhasibu, alinunua kompyuta ya mkononi iliyokwisha tumika, akaniwekea programu hiyo. Likizo ya mwisho wa Kidato cha Tatu ndipo nilipogundua jambo lililobadili kila kitu. Nililifungua faili la chombo nilichokijenga, si kwa LeoCAD, bali kwa ile programu ndogo ya kuandikia maneno matupu. Nilitegemea kuona takataka. Nikaona mistari ya namba, iliyonyooka kama safu za hesabu ubaoni, na kila mstari ulikuwa kipande kimoja.

Wasomaji wanaopenda hesabu watazame mistari hii miwili:

1 15 0 0 -20 1 0 0 0 1 0 0 0 1 3001.dat
1 4 -20 -24 0 0 0 1 0 1 0 -1 0 0 3001.dat

Namba ya kwanza, 1, husema tu kwamba hiki ni kipande. Ya pili ni rangi: 15 ni nyeupe, 4 ni nyekundu. Tatu zinazofuata ni mahali kipande kilipo: kulia au kushoto, juu au chini, mbele au nyuma. Kisha zinafuata namba 9 zinazoeleza kipande kimegeuzwaje, na mwisho jina la kipande. 3001 ni tofali la vinundu vinane. Kipimo chake ni kidogo sana, maana moja ni sawa na milimita 0.4. Kutoka kinundu hadi kinundu ni 20, yaani milimita 8. Kimo cha tofali ni 24, na cha bamba jembamba ni 8, hivyo mabamba matatu hutimiza tofali moja. Jambo moja tu huwasumbua wageni: kwenda juu ni hasi. Ndiyo sababu tofali jekundu, lililo juu ya jeupe, limeandikwa -24.

Na zile namba 9 ni nini? Wenzangu wa Kidato cha Nne wameshazitambua. Ni matriksi ya safu tatu kwa tatu. Tofali la kwanza lina matriksi isiyogeuza kitu, na la pili lina matriksi ya kugeuza nyuzi 90. Mambo hayo ya matriksi na mageuzo tunafundishwa mwaka huu, na wengi wetu huuliza yana kazi gani duniani. Mimi nilikuwa nimekwisha kuiona kazi yake kabla mwalimu hajafika kwenye sura hiyo.

Basi nikajua kwamba naweza kujenga chombo bila tofali na bila kompyuta, kwa kalamu na daftari la hesabu. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwangu kwa sababu ya maisha ya bweni. Hapa shuleni simu haziruhusiwi, na kompyuta zilizopo ni chache, kila moja ina zamu yake ya masomo. Lakini hakuna sheria inayomkataza mwanafunzi kuandika namba Jumapili alasiri, baada ya kufua. Saa za kujisomea usiku sikuzigusa, maana hizo ni za mtihani. Kuanzia Januari hadi Mei, kila Jumapili, niliandika mistari kumi, au kumi na mitano, na kuichora mara mojamoja kwenye karatasi ya grafu ili nisipotee.

Sasa niseme ni chombo gani. Wabunifu wengi hupenda vyombo vya vita, vyenye mizinga mbele. Mimi nimekua nikisikia malori, kwa hiyo chombo changu ni lori. Ni chombo cha mizigo, nimekiita Themi kwa jina la mto wetu. Urefu wake ni vinundu 44, yaani sentimita 35 na kidogo. Mbele kuna chumba cha dereva, nyuma injini nne, katikati uti mrefu, na pande mbili za uti huo masanduku sita ya mizigo, matatu kila upande. Kila sanduku ni mchemraba kamili, na hesabu yake ilinifurahisha. Upana wa vinundu 4 ni 80. Matofali 3 yaliyopandana ni 72, ukiongeza bamba moja la 8 ni 80 vilevile. Kwa hiyo matofali sita na bamba moja la vinundu 4 kwa 4, vipande saba tu, hutoa mchemraba usiozidi wala kupungua.

Mchemraba huo sikuutoa hewani. Huenda msomaji ameuliza moyoni: mambo ya angani yatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki? Yatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Pwani ya Kenya, karibu na Malindi, Waitaliano waliweka jukwaa baharini liitwalo San Marco, na roketi ziliruka kutoka hapo tangu mwaka 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, iliruka kutoka hapo satelaiti ya Marekani, ya kwanza kutumwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Jina lake ni la Kiswahili: Uhuru. Mkuu wa mradi huo alikuwa mhandisi mwanamke, Bibi Marjorie Townsend, ambaye ndiye aliyependekeza jina hilo kwa heshima ya Wakenya. Nilipolisoma jambo hili nililisoma mara mbili, kisha nikalisoma kwa sauti bwenini.

Siku hizi nchi jirani zina satelaiti zake, na nyingi zimejengwa kwa kipimo cha mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiwa angani mwezi Mei 2018, ilikuwa mchemraba mmoja. PearlAfricaSat-1 ya Uganda, iliyorushwa Novemba 2022, nayo mmoja. Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023, ni michemraba mitatu iliyopangwa mstari mmoja. Unaona basi kwamba wahandisi nao wana tofali lao, na mwenye haja ya chombo kikubwa zaidi huongeza tofali. Masanduku ya Themi nimeyafanya michemraba kwa kuiga hao.

Hadi mwezi Mei nilikuwa na mistari 240, na chombo kilikuwa kamili isipokuwa mabawa. Nilitaka mabawa yalale kinyumenyume kama ya mbayuwayu, si yatoke wima kama mikono ya msalaba. Lakini bawa lililolala lazima lishikwe mahali pawili, nalo likigeuzwa kwa nyuzi zozote tu, vinundu vyake haviangukii juu ya vinundu vya uti. Nyuzi 30 hutoa 0.866 na desimali nyingine zisizokwisha, na mwisho wa bawa huangukia katikati ya vinundu viwili, mahali pasipo na cha kushika. Nikaliacha ukurasa mtupu, nikaenda nao likizo ya Juni.

Wakati huo baba alikuwa akianza nyumba upande wa Muriet. Siku moja mama alinituma nimpelekee chakula. Nilimkuta na vijana wake wakipima msingi kwa uzi. Walipigilia mambo ya mbao, wakapima mita tatu upande mmoja na mita nne upande wa pili, kisha baba akavuta futi kutoka alama hadi alama. "Isome," akaniambia. Nikasoma: mita tano kamili. "Basi kona imekaa," akasema, akafunga uzi. Nilikuwa nimeujua mraba huo wa Pithagorasi tangu Kidato cha Pili, na baba nimemwona na futi hiyo tangu utoto wangu; lakini siku hiyo vitu hivyo viwili vilikutana kichwani pangu kwa mara ya kwanza. Nikarudi Lemara mbio, bakuli mkononi.

Sababu yake ni hii. Bawa likigeuzwa kwa pembe ya tatu-nne-tano, matriksi yake haina desimali ndefu. Ni 0.8 na 0.6 basi:

0.8 0 0.6 0 1 0 -0.6 0 0.8

Kinundu kilicho mbali na egemeo kwa nafasi tano kiko umbali wa 100. Zidisha kwa 0.8 upate 80, ambazo ni nafasi nne kamili. Zidisha kwa 0.6 upate 60, ambazo ni nafasi tatu kamili. Kwa hiyo mwisho wa bawa, ingawa limelala upande, hukaa sawasawa juu ya kinundu cha bamba lililotokeza kutoka kwenye uti. Bawa la upande wa pili ni ishara tu zinazobadilika. Uzi ule unaoinyoosha nyumba ya Muriet ndio ulionishikia mabawa ya Themi.

Siku tatu baadaye mistari ilikuwa 296, yote kwenye karatasi. Ikabaki kuiandika katika kompyuta, na hapo palikuwa na haraka. Kaka alikuwa amepata kazi Dodoma, naye angeondoka mwanzo wa Julai na kompyuta yake. Hatukuwa na nyingine. Tuliianza kazi hiyo usiku, baada ya chakula. Yeye alisoma daftarini, mimi nikaandika. "Moja, kumi na tano, sifuri, hasi ishirini na nne..." Mama alisema tunafanana na watu wanaohesabu deni. Usiku wa pili umeme ulikatika, na kwa kuwa betri ya kompyuta ile ilikuwa imekufa zamani, tulilala. Usiku wa nne, kabla ya saa nne, kaka alisoma mstari wa mwisho, nikalifungua faili kwa LeoCAD, na kile nilichokiona kwa miezi mitano akilini pangu peke yangu kikatokea mbele ya watu wote wa nyumba yetu. Kilikuwa cheupe, chenye masanduku mekundu. Kaka alikizungusha kwa kipanya polepole, wala hakusema kitu.

Baba ndiye aliyesema. Alikuwa ametoka kuoga, akasimama nyuma yetu na taulo shingoni.

"Mama," akaniita, maana ndivyo aniitavyo, "hili bawa limeshikwa na nini?"

"Hapa kwenye egemeo, baba, na pale mwisho."

"Nani kasema panatosha?"

"Kompyuta imekubali."

Akacheka. "Kompyuta haijawahi kubeba tofali."

Maneno hayo ni ya kweli kuliko yeye mwenyewe alivyojua. Programu hii haina uzito ndani yake. Ukiandika tofali lielee peke yake hewani, litaelea. Ukiandika matofali mawili mahali pamoja, yatapenyana kama moshi. Inakuonyesha kitu kinavyoonekana, lakini haikuambii kama kitasimama. Kwa hiyo nikalitoa kopo langu la matofali 87, baba akavuta kigoda, tukafanya jaribio, naye ndiye aliyelipanga.

Tulijenga mihimili miwili ya urefu uliokaribiana, kila mmoja wa matofali ya vinundu vinane yaliyoungana kwa kulaliana. Katika ule wa kwanza tofali liliulalia mwenzake kwa safu moja ya vinundu. Katika wa pili liliulalia kwa safu mbili, yaani nusu ya tofali, kama kozi za ukuta zinavyopishana. Tukaubana kila mhimili ukingoni mwa meza kwa kamusi na jiwe la kusagia, ncha yake ikatokeza nje. Kisha tukatundika makufuli kwa uzi. Mhimili wa kwanza ulishika kufuli la sanduku la vyombo vya baba, ukaachana tulipoongeza la mlango. La pili ukashika kufuli la sanduku, na la mlango, na la banda la kuku, ukapinda, usiachane.

"Jointi zisifuatane," baba alisema, "na tofali likalie nusu ya mwenzake. Nimewafundisha vijana wangapi neno hilo? Wewe sikukufundisha, maana sikudhani utajenga."

Kisha akauliza kama naweza kulitia jambo hilo ndani ya chombo. Nikamwonyesha jinsi masanduku yalivyojengwa, kozi moja imelala huku na ya juu yake imelala kule, kama ile mistari miwili niliyoiandika hapo juu. Akaitazama kwa muda. Uti wa katikati tukaurekebisha usiku uleule kwa kuongeza mabamba 14 ya kulaliana penye mabawa, na vipande vyote vikawa 310. Baba alikuwa akionyesha kwa kidole, kidole kinene chenye saruji kwenye kucha, na kaka akimwomba asikiguse kioo.

Jambo hili lisingefaa kuandikwa hapa kama lingeishia kwenye chombo. Lakini likizo ile ilikuwa pia ya kufikiri juu ya fomu ya kuchagua masomo ya Kidato cha Tano. Shangazi yangu, ambaye ametusaidia sana na ambaye neno lake nyumbani ni zito, alikuwa amenishauri nielekee uuguzi. Ni kazi ya heshima, na sababu zake zilikuwa nzuri: ajira, na kuwa karibu na wazazi. Mimi nilitaka fizikia, kemia na hesabu, ili baadaye nisomee uhandisi, wala sikuwa nimepata namna ya kulisema mbele ya wakubwa bila kuonekana nabisha. Mtoto wa kike hapewi kirahisi nafasi ya kusema habari za zege.

Jumapili shangazi alipokuja, akauliza fomu itajazwaje. Kabla sijajibu, baba akasema, "Dada, huyu aende na hesabu zake. Nimemwona akijenga." Shangazi akauliza amejenga nini. Baba akamwita kaka alete kompyuta. Shangazi alikitazama chombo, akakizunguka kwa macho, akauliza abiria wanaingilia wapi. Nikamwambia ni lori. Akasema basi, lori lenyewe angalau ni jeupe, litaonekana usiku; na hakuuliza tena habari za fomu.

Kaka aliondoka siku mbili baadaye na kompyuta yake. Faili la Themi limo katika flashi ndogo niliyoiacha kwa mama, na mistari 310 yote imo katika daftari langu hapa shuleni. Chombo chenyewe sijakijenga kwa matofali halisi, wala sioni kwamba nitakijenga hivi karibuni, maana vipande hivyo huuzwa ng'ambo na bei yake si ya nyumba kama yetu. Sihuzuniki. Nyumba zote alizozijenga baba si zake, naye anapita mbele yake na kusema, "Ile kona ni yangu."

Kwa wenzangu watakaopenda kujaribu, hasa wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, ushauri wangu ni huu. Msingoje kompyuta, wala msingoje matofali. Chukueni karatasi ya grafu na muujenge ule mchemraba wa vipande saba. Mistari miwili mmeshapewa. Mitano iliyobaki iandikeni wenyewe, mkikumbuka kwamba juu ni hasi, na kwamba kila kozi ilalie ya chini yake kwa nusu. Bamba la juu la vinundu 4 kwa 4 huandikwa 3031.dat. Atakayemaliza aniletee daftari lake Jumapili alasiri, tutalikagua pamoja. Na mwenye mzazi fundi, awe mwashi, seremala au mshonaji, amwonyeshe kwanza mzazi wake kabla ya kuniletea mimi.